Kanda ya Mtu Mmoja

Kwenye msiba wa Osmundi, pale Buguruni, nilikaa chini ya turubai karibu na watu waliokuwa wanapanga safari ya kuupeleka mwili Songea. Kijana mmoja akavuta kiti cha plastiki akaja kukaa mbele yangu. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akasema yeye ni mtangazaji wa redio, ana kipindi cha muziki wa zamani, na ameambiwa kwamba hapo msibani hakuna aliyemfahamu marehemu siku nyingi kuliko mimi. Vijana wa mtaani walikuwa wameunganisha simu na spika, na ile albamu yake ilikuwa inapigwa kwa sauti ya chini, gitaa moja tu, bila mwimbaji wala ngoma, huku akina mama nyuma ya nyumba wakikuna nazi na kuulizana kama sukari imeshaletwa. "Mzee," kijana akaniuliza, "wakati ule bendi zilikuwa na watu wengi mpaka jukwaa linajaa. Yeye kwa nini aliamua kurekodi peke yake?" Nikamwambia mvua ilinyesha. Akacheka kwa adabu. Watani wa marehemu walikuwepo pale na vituko vyao walikuwa wameshavianza, nadhani aliniweka kwenye kundi lao. Sikumrekebisha, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na chakula kilikuwa kinakaribia kuiva.

Mwaka wa ile kanda nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Mchana nilibeba majora ya vitenge kwenye stoo ya Mtaa wa Aggrey, jioni nilipiga besi. Bendi yangu ya Magomeni ilikuwa imevunjika, kila mtu akaenda zake, nikabaki na gitaa la besi na chumba cha kupanga karibu na Mapipa, hukohuko Magomeni. Osmundi nilikutana naye kwa fundi redio, wote tumepeleka amplifaya zetu kutengenezwa. Akaniambia anatafuta mtu wa besi asiyependa kelele. Yeye alikuwa anapiga gitaa kwenye hoteli moja ya Posta, watu wakila chakula cha jioni, na hapo alikuwa amefundishwa na mpiga piano wa hoteli, Mgoa mmoja mtu mzima, muziki ambao aliuita jazi. Kwetu jazi ilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye matarumbeta. Osmundi alikuwa na maana nyingine. Alichukua wimbo unaojulikana na kila mtu, akaupiga mara moja kama ulivyo, halafu akaondoka nao. Unamfuata, unaona kabisa kwamba amepotea, na ghafla unakuta mko mlangoni kwenu.

Alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili ya Mtaa wa Mchikichi, na kwa mwaka mzima chumba kile kilikuwa chuo changu. Kulikuwa na kitanda cha futi nne, meza ya kupigia pasi, na dirisha lililotazama uchochoro ambao mchana ulijaa wauza malapa. Tulikaa wawili kitandani, yeye upande wa kichwani, mimi upande wa miguu, amplifaya moja ndogo juu ya ndoo iliyogeuzwa. Tulipiga taratibu ili wapangaji wasituchukie. Chakula kilikuwa chapati za jioni na maharage ya nazi ya mpangaji wa chumba cha mbele, mshonaji tuliyemwita Mama Shida, ambaye alitushonea mashati na kutusema kwa pamoja. Ukuta haukufika darini, kwa hiyo maongezi yote ya ukumbini yalitufikia. Jioni moja tulikuwa kwenye wimbo mmoja tangu alasiri. Nikamsikia Mama Shida anamwambia mgeni wake: "Hawa hapa kila siku wanatengeneza tu. Sijui wimbo wenyewe wataanza lini." Osmundi aliweka gitaa chini akacheka mpaka akalala chali.

Nikisema ulikuwa muziki wa watu wawili, nina maana yake. Osmundi hakutaka besi ya kumsindikiza tu. Kila wimbo tuliupanga ufike mahali yeye ananyamaza kabisa, mimi naingia, napita na maneno yangu, namaliza, yeye anarudi. Mahali pale alikuwa akiinua mkono wa kulia kutoka kwenye nyuzi na kuuweka pajani, kama mtu anayemwachia mwenzake sentensi. Hakunionesha cha kupiga. Nikipiga ovyo alikaa kimya tu, nikipiga vizuri aliguna. Nilijifunza kutafuta mguno. Leo nikiwa na wajukuu, na kazi niliyoifanya maishani ni ya vitambaa, bado sijui mafundisho mengine yaliyonikaa kichwani kama ile miezi ya kusubiri mtu mmoja agune.

Wazo la kurekodi lilitoka kwa Bi Thuwaiba. Alikuwa mama wa Kiarabu, mjane, mwenye duka la kanda na vipuri vya redio Mtaa wa Sikukuu, na yeye mwenyewe alikaa ghorofani juu ya duka. Osmundi alikuwa anakwenda kununua nyuzi kwake, akawa anazijaribu palepale dukani, na Bi Thuwaiba akawa hamfukuzi. Baadaye mpwa wake, Nassor, alikuja likizo kutoka Maskati akiwa na mashine nzuri ya kurekodi na maikrofoni mbili ndani ya sanduku lenye sponji. Alikuja kutusikiliza Mchikichi, akasimama mlangoni kwa sababu pa kukaa hapakuwepo. Akasema studio zinakausha muziki. Alitaka turekodi mbele ya watu waliokaa, mara moja, bila kurudia, na kitakachotoka ndicho hicho. "Sebule ya shangazi inatosha," alisema. "Dari ni la mbao, sauti inakaa vizuri." Bi Thuwaiba alikubali kwa sharti kwamba watu wavue viatu na asiwepo mtu wa kuvuta sigara. Ikapangwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri, wakati Kariakoo imepumua kidogo. Jumanne Nassor alikuwa anarudi Maskati na mashine yake.

Niliweka mambo mengi juu ya Jumapili ile. Tajiri wangu wa stoo alikuwa anafungua duka Mtwara na alikuwa ameniuliza kama nitakubali kwenda kulisimamia. Nilimwambia anipe muda. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri kanda. Nilikuwa nimejiambia kwamba ikishatoka yenye jina la Osmundi na jina langu, hoteli zitatuchukua wote wawili na sitabeba jora tena. Osmundi hakusema mambo ya namna hiyo, lakini alikuwa amemwomba Mama Shida atushonee mashati mawili ya kitambaa kimoja.

Mvua ilianza Jumamosi jioni na ilikuwa bado inanyesha nilipoamka. Masika yale tulikuwa tumeshayazoea, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nililifunga gitaa kwa nailoni ya majora, mizunguko mingi, nikavaa shati jipya chini ya koti, nikatoka mapema. Niliposhuka kutoka Magomeni nikakuta watu wamejazana ukingoni kama wanaangalia mpira. Jangwani yote ilikuwa maji. Barabara haikuonekana, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita na magogo, magodoro na mlango mzima wa nyumba ya mtu. Mabasi yalikuwa yanageuza. Vijana wachache wenye nguvu walikuwa wanavusha watu mgongoni pale upande wenye kina kifupi, na nikamfuata mmoja. Akaliangalia gitaa.

"Huo mzigo ni nini, kaka?"

"Gitaa."

"Wewe nakuvusha. Huo sivushi. Ukiondoka na maji tutakuja kugombana bure."

Ng'ambo ya pili nilikuwa naziona paa za Kariakoo. Ungekuwa ndege ni dakika chache. Nilisimama pale kwa muda nikitumaini maji yatapungua, kisha nikaona yanapanda, nikageuka. Nikashika njia ya Kinondoni kwa miguu, kwenda kuzunguka Daraja la Salenda, nipite Upanga, niingie Kariakoo kwa kule juu. Teksi zilizopita zilikuwa zimejaa au hazikutaka kusimama. Nilijaribu simu ya duka moja Kinondoni, nikapiga dukani kwa Bi Thuwaiba, ikaita na kuita. Duka lilikuwa limefungwa chini na watu wote wako juu. Kwa hiyo nikatembea. Nilitembea huku nalibadilisha gitaa bega, kulia, kushoto, na nilikuwa napiga nyimbo zetu kichwani kwa mpangilio, nione kama bado ninazo. Nilipotokea Fire, pale kwenye kituo cha zimamoto, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa zamani, na mvua imebaki manyunyu.

Mlango wa ngazi ulikuwa wazi na viatu vya watu vimejaa mpaka nje. Nikavua vyangu, nikapanda. Katikati ya ngazi nikalisikia gitaa la Osmundi, na nikajua wameanza. Nassor alikuwa amewaambia watu wasubiri, wakasubiri, halafu wageni wakaanza kuangalia saa, na mwanga ukaanza kupungua. Mlango wa sebule ulikuwa umeachwa nusu. Niliona wanawake wamekaa mikekani upande mmoja, wanaume viti upande wa pili, Bi Thuwaiba kwenye kochi lake kama mtu aliyekodi ukumbi. Nassor amechuchumaa kwenye mashine na hedifoni masikioni. Aliniona, akainua kiganja: usiingie. Osmundi alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa shati letu, macho chini. Pembeni yake kulikuwa na kiti kitupu na amplifaya yangu, iliyokuwa ikikaa chumbani kwake, imewashwa, taa yake nyekundu inawaka.

Ulikuwa wimbo wetu wa tatu. Nilisimama ngazini maji yananitiririka, na vidole vyangu vilianza kutembea vyenyewe juu ya nailoni. Halafu wimbo ukafika mahali pangu, na Osmundi akanyamaza. Aliinua mkono akauweka pajani, kama chumbani. Sebule nzima ilikuwa kimya. Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye bati la jirani. Mtu mmoja alijikohoza. Kisha mkono ukarudi kwenye nyuzi na wimbo ukaendelea, na nikaona mabega ya watu yanashuka, kumbe walikuwa wamebana pumzi. Alikuwa anaiacha nafasi ya besi. Hakuijaza, wala hakuruka kwenda mbele. Aliiacha kama unavyomwekea mtu chakula chini ya kawa.

Wimbo ulipoisha walipiga makofi, na Nassor akaanza kugeuza kanda. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akaniona, akasogeza mkeka wake, akanong'ona, "Pita, mwanangu." Nassor naye akanipungia: sasa. Osmundi akainua kichwa. Tulitazamana. Aliangalia kile kiti, akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa.

Mke wangu ameniuliza habari hii kwa njia zote, na watoto wamefuata. Niliogopa? Hapana. Vidole vilikuwa vimepoa lakini vingefanya kazi. Nilikasirika kwamba hawakunisubiri? Walinisubiri. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka mzima nilikuwa namsikia Osmundi kutoka upande wa kitanda, nikiwa ndani ya muziki, nikitafuta mahali pangu. Siku ile kwa mara ya kwanza nilimsikia kutoka nje, pamoja na watu waliokuja kusikiliza, na nikasikia kitu kimekamilika. Ningeingia kingekuwa kizuri pia, kizuri kwa namna nyingine. Lakini kisingekuwa kile, na kile kilikuwa kimeshaanza na watu walikuwa wamekishika. Nilijua hivyo bila kubishana na nafsi yangu, kama unavyojua chai ina sukari. Maumivu yalikuja baadaye, na yalikaa.

Osmundi aliinamisha kichwa akaanza. Upande wa pili wa kanda hauna nafasi hata moja. Anapiga sehemu yake na yangu, anapiga vitu ambavyo sikuwahi kumsikia akipiga chumbani, anapita pale nilipotakiwa niwepo bila kupunguza mwendo. Yule mtangazaji msibani aliniambia kwamba upande wa kwanza Osmundi anazungumza na ukimya, na upande wa pili amejipata. Alikuwa ameisikiliza vizuri. Mahali alipopataja ndipo hasa muziki ulipobadilika. Mimi ninapasikia kwa jina lingine: hapo ndipo alipokubali kwamba siingii.

Baada ya hapo Bi Thuwaiba alipakua bokoboko na kahawa, watu wakala, wakamshika Osmundi mkono. Nilipewa kanga nijikaushe. Osmundi alisubiri mpaka watu wapungue, akanifuata ngazini, tukakaa katikati ya viatu vya watu.

"Kwa nini hukuingia?"

"Ulikuwa umeshaupata."

"Nimeupata nini? Nilikuwa na hofu tu. Kila wimbo nakuachia pale pako, nasema labda huyu anapanda ngazi."

"Nilisikia."

"Ulisikia, ukasimama?"

Nikaanza kukamua mikono ya koti langu. Akasema, "Sawa, Hamisi," akainuka akarudi ndani kulifunga gitaa lake. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Kwa wiki nyingi baada ya hapo sikwenda Mchikichi na yeye hakuja stoo.

Kanda zilirudi kutoka Maskati miezi kadhaa baadaye, ndani ya maboksi yaliyoletwa na jamaa wa Nassor. Picha ya juu ilikuwa ya Osmundi dirishani, na jina lake peke yake. Bi Thuwaiba aliipiga dukani tangu asubuhi mpaka anafunga. Nilipita siku moja kununua betri, nikamwamkia, naye akaniita nyuma ya kaunta.

"Hebu njoo usikilize. Hapa mwenzako anasimama. Na hapa tena. Wateja wananiuliza kama kanda mbovu."

"Si mbovu, Bi. Pale ni pa besi."

Aliipunguza sauti akaniangalia. "Pako wewe?"

"Ndiyo."

"Basi ungeingia, mwanangu. Nilikuwekea na kiti."

"Najua, Bi."

Akaipandisha sauti tena, akanipa betri, akaendelea kumhudumia mteja mwingine. Kanda ilichukua muda kuwafikia watu. Kwanza waliinunua wenye hoteli, wapige wageni wakila. Halafu wanafunzi wa chuo. Halafu redio. Mpaka mwisho wa mwaka ilikuwa inasikika kwenye saluni na kwenye vibanda vya kaseti kuanzia Msimbazi mpaka Kivukoni, na ilikuwa kitu cha ajabu kutembea na mzigo wa vitenge begani huku unapita kwenye nafasi zako mwenyewe, kibanda hadi kibanda.

Osmundi alikuja stoo mchana mmoja, akanikuta nahesabu majora. Tulienda kwa mama ntilie wa kona ya Mkunguni, tukaagiza wali na samaki wa kupaka. Alikuwa amekonda. Akasema hoteli ya Posta imempa nafasi ya kupiga peke yake, Ijumaa na Jumamosi, na kuna watu wanataka aende Nairobi.

"Nimewaambia nina mtu wa besi," alisema.

"Wamesemaje?"

"Wamesema wanataka kama kwenye kanda."

"Basi wape kama kwenye kanda."

Alichambua samaki wake kwa muda mrefu. "Wewe je?"

Nikamwambia nimemkubalia tajiri, nakwenda Mtwara. Nilikuwa nimeamua asubuhi ileile, au pengine niliamua palepale mezani. Akauliza kama nimekasirika. Nikasema nilikuwa nimekasirika, sasa nimechoka tu. Akasema hata yeye. Tukamaliza kula, tukagombea kulipa, akashinda yeye. Nje alinishika bega, kisha akaelekea Posta na mimi nikarudi kwenye majora.

Mtwara nilipewa chumba nyuma ya duka, chenye dirisha linalotazama ua wa jirani aliyefuga bata. Gitaa nilikwenda nalo lakini bila amplifaya, na kwa miezi ya kwanza lilikaa juu ya kabati. Jumapili moja mchana, duka limefungwa, sina mahali pa kwenda, niliweka kanda ya Osmundi kwenye redio, nikalishusha gitaa, nikalifuta vumbi, nikakaa kitandani upande wa miguu. Sikuwa na mpango wowote. Wimbo wa kwanza niliusikiliza tu. Wa pili ulipofika mahali pangu, akanyamaza, na mimi nikaingia. Nilipiga sehemu yangu yote, taratibu, kama tulivyokuwa tukiipiga Mchikichi. Nikaimaliza vizuri, nikasubiri arudi. Hakurudi. Nafasi ilikuwa bado inaendelea. Nikadhani nimeharakisha, nikairudisha kanda, nikapiga tena kwa mwendo wake hasa, nikamaliza, na bado ilikuwa kimya. Nilikaa na vidole juu ya nyuzi. Mule ndani ya redio mtu alisogeza kiti. Ndipo gitaa lake likaingia.

Kesho yake nilikwenda posta nikapanga foleni ya simu, nikaomba niunganishwe na ile hoteli ya Dar. Walikwenda kumwita, na nikasikia vijiko na sahani kwa muda mpaka akaja.

"Osmundi," nikamwambia, "kwenye wimbo wa pili ulingoja sana. Sehemu yangu haina urefu ule."



"Nilijua uko njiani, unatembea," alisema.

Halafu akaniuliza kama Mtwara wanapata samaki wazuri, nikamwambia wapo wengi, na mtu wa foleni nyuma yangu akaanza kugonga kioo.